Naomba ushauri: priampu (kifaa cha kukuza sauti ya maiki) ipi haina mvumo kwa kurekodi sauti za chini sana?

Msikilizaji:
Wakuu, habari zenu. Narekodi watu wakizungumza, mmoja mmoja, na wengi wao sauti ziko chini mno, wengine ni kunong'ona kabisa. Natumia maiki ya Shure SM7B. Nikipandisha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, nisikie maneno, mvumo nao unapanda, na jina la mtu linamezwa humo ndani. Nataka priampu safi, tena haraka, maana kazi yenyewe haisubiri. Mnanishauri ipi?

Fundi Waya:
Mkuu, SM7B inataka geini ya desibeli 60 hivi hata kwa mtu anayeongea kawaida. Mnong'ono ndiyo kabisa. Priampu nzuri, kelele yake yenyewe (wanaiita EIN, ikiwa chini zaidi ndiyo safi zaidi) ni kama -128 dBu, na kwa maiki ya omu 150 kikomo cha maumbile ambacho hakuna chombo kinachokivuka ni kama -131. Hata ulipe fedha nyingi kiasi gani, unagombania desibeli mbili tatu. Badili maiki. Chukua ya kondensa, yaani inayotumia umeme, yenye kelele ndogo. Rode NT1, kelele yake ni 4.5 dBA tu. Iwashie umeme wa volti 48 kutoka kwenye priampu, isogeze karibu na mdomo, na priampu ya kawaida itakutosha.

Mzee wa Kanda:
Enzi zetu tulirekodi kwa kanda, mvumo ulikuwepo, na watu walisikiliza wakalia. Kulikuwa na mama mmoja mwimbaji, sauti yake ilikuwa kama uzi. Tulimfungia chumbani na mablanketi ukutani. Vijana mnanunua vyombo badala ya kutafuta chumba kimya.

Binti Sauti:
Umesema "jina la mtu linamezwa". Majina ya kina nani? Na kwa nini wananong'ona?

Msikilizaji:
Ni mahojiano tu, dada. Priampu yenyewe nimeshaiagiza, nimelipa sehemu ya bei. Nilitaka kujua kama nimechagua vizuri.

Kapteni:
Kumbe ushaagiza! Sasa hapa unaomba ushauri au baraka?

Binti Sauti:
Hujajibu swali langu.

Msikilizaji:
Haya. Ni watu walionusurika vita. Wananitajia raia waliouawa, nyumba kwa nyumba, nami naandika orodha. Wananong'ona kwa sababu waliofanya hayo bado wako karibu nao. Nchi sitaitaja. Nia yangu ni kuweka sauti zote mtandaoni pamoja na orodha, kwa sababu namba ikitoka peke yake kila upande unaikataa. Mtu akimsikia mama akitaja wanawe kwa majina, atasema nini tena?

Mja Mwema:
Ndugu yangu, waache marehemu wapumzike. Kuhesabu maiti kunaamsha visasi.

Msikilizaji:
Hao mama zao ndio walionitafuta. Asiyehesabiwa anasemwa hakuwahi kuwepo.

Mhesabu:
Kuandika jina kwa jina ndiyo njia ngumu na ndiyo inayodumu. Kwa miaka mingi vita vya Bosnia vilitajwa kuwa na vifo 200,000 na zaidi. Kituo cha utafiti na nyaraka cha Sarajevo kikakusanya majina, na mwaka 2007 kikatoa 97,207, raia na wapiganaji pamoja. Wapo waliokasirika namba iliposhuka, lakini kila jina liliweza kukaguliwa. Ila orodha peke yake huwa pungufu. Tume ya ukweli ya Peru, iliyochunguza vita vya ndani vya nchi hiyo, ilipokea taarifa za waliouawa au kupotea 23,969. Ilipolinganisha orodha tofauti na kuangalia ni majina mangapi yanajirudia, ikakadiria 69,280 katika ripoti ya 2003. Majina yakijirudia kidogo, ujue wengi hawajafikiwa na orodha yoyote. Sasa swali langu: unatenganishaje raia na mpiganaji?

Jicho Kali:
Wadau, hii chai. Mtu ana ushahidi wa vita halafu anakuja kuuliza priampu kwa watu asiowajua? Weka kipande cha dakika moja tusikie.

Kapteni:
Naunga mkono. Hata sekunde 10.

Binti Sauti:
Msikilizaji, usiweke hata sekunde moja. Sauti ni kitambulisho, jirani anaitambua kwa salamu tu. Na ukiibadili toni, mtu mwenye programu anaweza kuirudisha. Unapoondoa mvumo unazidi kumweka shahidi wazi. Rekodi safi uwe nayo wewe kwa kuhakiki majina, imefungwa kwa nywila. Kinachotoka nje kiwe maandishi, na aliyesema asitajwe. Hao watu wanajua sauti zao zinakwenda mtandaoni?

Msikilizaji:
Walikubali kurekodiwa. Mtandao sikuutaja kwa wote. Lakini bila sauti, Jicho Kali na wenzake wataendelea kusema chai.

Jicho Kali:
Na bado nasema. Mtunzi yeyote angeandika haya.

Fundi Waya:
Hata kama ni chai, ushauri wa maiki uko palepale.

Msikilizaji:
Amini au usiamini. Mhesabu, raia namuuliza ndugu yake alikuwa wapi na alishika nini siku ile. Asiyejua naandika "haijulikani". Kinachonishinda ni hiki: mmoja anamtaja kijana kwa jina la utani, mwingine kwa jina la babake, kijiji kilekile, wiki ileile. Nikiwaunganisha naweza kumfuta mtu. Nikiwaacha wawili naongeza maiti. Priampu sirudishi, nataka kusikia hayo majina vizuri. Sauti hazitoki mpaka niwaulize wote upya.

Mhesabu:
Usimfute yeyote. Acha mistari miwili, kila mmoja na namba yake, na safu ya tatu andika "huenda ni mmoja". Tafuta umri, jina la mama, mahali alipozikwa. Ukijumlisha, toa namba mbili, ya chini na ya juu, na ueleze tofauti imetoka wapi. Na tunza nakala ya orodha kabla ya kila marekebisho.