Mjadala: Je, mabomba ya maji Mombasa yapimwe kwa mstari wa sensa?

Mwanzisha mada, Changamwe

Wenzangu, kwenye kikao cha wakaazi mtaani kwetu jamaa mmoja alisema kutabiri idadi ya watu kwa kuchora mstari ni kamari, na maji ya watu yasipangwe hivyo. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Neno hilo lilininyima usingizi, nikaamka kutafuta karatasi ya grafu.

Sensa ya 1999 ilihesabu watu 665,018 hapa Mombasa; ya 2009, watu 939,370. Chukua nukta hizo mbili tu, weka rula, vuta hadi 2019: unapata 1,213,722. Sensa yenyewe ya 2019 ikaleta 1,208,333. Tofauti ni watu 5,389, haifiki hata nusu ya asilimia moja. Kamari gani hiyo?

Sasa nukta ni tatu na hazikai sawasawa kwenye mstari mmoja. Basi tunatafuta mstari ambao, ukipima umbali wa kila nukta juu au chini yake, ukautafutia mraba (yaani ukauzidisha kwa wenyewe) na kujumlisha, jumla inakuwa ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Njia hii Mfaransa Legendre aliichapisha mwaka 1805. Kwa mstari huo tunaongezeka watu kama 27,166 kwa mwaka, na 2029 tutakuwa karibu 1,481,000. Kaunti ipange kwa hesabu hii.

Mkaazi wa Kisauni

Mwalimu, shikamoo. Mstari wako umeuvuta mbele peke yake. Hebu uvute nyuma. Mwaka 1979 unatoa watu kama 122,600, ilhali sensa ya mwaka huo ilipata zaidi ya 341,000. Nenda hadi 1969: unapata hasi 149,000! Watu hasi! Na mji ulikuwa na watu kama 247,000, marehemu babangu mmoja wao.

Hapa kwetu maji tunanunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita ishirini. Nyumba yangu inamaliza mitungi sita kwa siku, na ikifika Ijumaa ni minane. Bomba likitoka jembamba kwa sababu ya nukta tatu, anayeumia ni mama wa nyumba hii.

Mvukaji wa Likoni

Mimi nauliza kuhusu yale ambayo mstari hauwezi kuyajua. Aliyechora mstari wa idadi ya abiria wa feri mwaka 2019 angeionaje korona? Angelionaje daraja la kuelea la Liwatoni, lililoanza kuvusha watu mwanzoni mwa 2021? Na watu wakihamia Mtwapa, kwenye takwimu wamekuwa wa Kilifi, lakini asubuhi wote wako Nyali kwenye foleni.

Mwanzisha mada, Changamwe

Marahaba, wa Kisauni. Umenibana, na kwa haki. Nilirudi kwenye grafu nikaweka nukta za 1969 na 1979: zinapinda. Miaka ile mji ulikua kwa mwendo mwingine, na mstari nilioupata kwa 1999 hadi 2019 hauna ruhusa ya kusemea miaka hiyo. Vivyo hivyo hauna ruhusa ya kusemea 2049. Nilipaswa kulisema hilo tangu mwanzo, maana bomba likishafukiwa linatakiwa kukaa miongo mingi, na mstari wangu naweza kuuamini kwa miaka kumi tu.

Lakini siuachi. Bila mstari, anayepima bomba atakisia kichwani, na kisio la kichwani hatuwezi kulihoji kama ulivyonihoji wewe. Kwa hiyo nabadilisha ombi. Bomba kuu lijengwe kwa awamu, hesabu irudiwe kila sensa, na kaunti ibandike nukta zote pamoja na mstari, hata nukta zinazoukataa. Wa Likoni, Mtwapa nayo ichorwe grafu yake.

Na mitungi yako sita, dada, usiache kuiandika kila siku pamoja na tarehe. Ukifika mwezi, niletee daftari. Majirani wakiandika pia, tutakuwa na nukta ambazo sensa haina.