Naomba ushauri: kwa nini "The accident was happened" ni kosa?

Mwuliza swali:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninajifunza Kiingereza, na kauli ya kutendwa inanitatiza. Kanuni niliyofundishwa ni fupi: chukua "be" katika wakati unaohusika, kisha umbo la tatu la kitenzi, kama "The letter was written". Nikaandika "The accident was happened yesterday" na "I was died by my father", nikikusudia kusema kwamba nilifiwa na baba. Sentensi zote mbili zilirudishwa na alama nyekundu, bila maelezo. Nimekosea wapi, ilhali "be" ipo na umbo la tatu lipo?

Jibu la kwanza:
Ndugu, kanuni uliifuata. Vitenzi ndivyo vilivyokuangusha. Kauli ya kutendwa ya Kiingereza huchukua shamirisho na kuliweka mahali pa kiima: "The boy broke the cup" huwa "The cup was broken by the boy". Sasa tafuta shamirisho la "happen". Halipo, kwa sababu ajali hutokea tu, haitokei kitu. Kwa hiyo sema "The accident happened yesterday", na uvitendee vivyo hivyo "arrive", "appear" na "die".

Kosa la pili linatokana na utajiri wa lugha yetu. Kitenzi "kufa" nacho hakina shamirisho, lakini Kiswahili hukipitisha kwanza katika kauli ya kutendea, kikawa "kufia", ndipo kikaingia kauli ya kutendwa, "kufiwa", na aliyebaki na majonzi akawa kiima. Kiingereza hakina njia hiyo. Husema "My father died" au "I lost my father".

Jibu la pili:
Naongezea kauli ya kutendeka, ambayo wengi huisahau. "Mlango ulifunguliwa" ni "The door was opened", maana yupo aliyeufungua hata kama hatajwi. "Mlango ulifunguka" ni "The door opened", bila "was". Aidha, mtenda hutanguliwa na "by" na kifaa hutanguliwa na "with", kama sisi tunavyotenganisha "na" na "kwa": "The window was broken by the boy with a stone".

Wapo wanaoshauri kauli ya kutendwa iepukwe kabisa, ushauri ambao mimi siukubali. Aliyeibiwa pochi na asimjue mwizi atasema nini, kama si "My wallet was stolen"?

Mwuliza swali:
Nashukuru sana. Nimejaribu tena: "The parcel arrived on Monday and was opened by my sister with a knife."

Jibu la kwanza:
Sahihi kabisa. Sasa jaribu "mtoto alinyeshewa na mvua", ila usianze na "rain". Anza na mtoto.

Mwuliza swali:
"The child was rained on"?

Jibu la kwanza:
Ndiyo. Hiyo "on" ndiyo inayompa mtoto nafasi ya kuwa kiima. Ukiiondoa, sentensi inaanguka.