Nataka kukata shagi kabla ya sendofu ya mdogo wangu, mafundi wananichanganya. Naomba ushauri

Tausi wa Segerea
Wakuu, habarini za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa akina dada na mafundi wa nywele mliomo humu.

Nimechoka kusuka, nataka kukata. Ninaoutaka ni ule mkato wa leya nyingi, umekaa vurugu-vurugu, juu fupi halafu zinateremka mpaka mabegani, na mbele zinaanguka kidogo kwenye paji la uso. Saluni wanauita shagi. Nywele zangu ni za kawaida tu, zinafika mabegani, na uso wangu ni mrefu kidogo. Mdogo wangu ana sendofu baada ya wiki tatu na mimi ndiye mpambe wake, kwa hiyo nitakaa naye pale mbele watu wote wakituangalia.

Nimezunguka saluni mbili. Wa kwanza anasema anaosha, anakata zikiwa na maji. Wa pili anasema lazima apige pasi kwanza ndiyo akate. Nimfuate nani? Halafu nataka utosini pajae, pawe pazito. Leya zinaweza kufanya hivyo? Na asubuhi nikiamka nazitengenezaje bila kurudi saluni?

Nawasilisha.

Mzee wa Ubuyu
Uzi wa nywele bila picha ni ubwabwa bila nazi. Weka picha dada.

Mkasi wa Sinza
Dada Tausi, kabla ya maji au pasi kuna swali ambalo naona hakuna aliyekuuliza: una nywele za aina gani? Nina miaka kumi na mbili kwenye hii kazi, na mkato huu ndio unaoongoza kwa wateja kuondoka na kilemba.

Kama ni singa nyembamba, leya ziwe chache na ndefu. Ukizidisha, chini kunabaki nyuzi tatu. Na fundi asitumie wembe, wembe unazichana ncha. Kama ni za mawimbi, hapo ndipo nyumbani kwa shagi, zinajipanga zenyewe. Mkato huu ulivuma mwaka 1971 baada ya Paul McGregor wa New York kumkata Jane Fonda, yule mwigizaji, na kichwa kile hakikuwa cha kipilipili. Ndiyo maana ukimletea fundi picha ya simu akaiga kama ilivyo, mnagombana.

Kipilipili nacho kinakubali shagi, na kinapendeza sana, ila kikatwe kikavu, katika hali ile ile utakayotembea nayo. Kipilipili kilichojikunja hasa kinaweza kuficha hadi robo tatu ya urefu wake. Ukikikata na maji unaona umepunguza vidole viwili, kikikauka kimepanda vitano, na hapo huwezi kurudisha. Unywele unakua kama sentimita moja kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe.

Nywele za dawa ya kunyoosha ni habari nyingine. Hazina mkunjo wa kuficha makosa, kila mstari wa mkasi unaonekana. Hizo zinataka ngazi chache, halafu rola na draya la kukaa, na usiku unazizungushia kichwani na kitambaa cha satini.

Sasa niambie: zina dawa? Zina rangi? Mara ya mwisho lini?

Shangazi wa Mwenge
Mwanangu, sendofu ni ya mdogo wako, wewe msindikize. Suka twende kilioni safi, chana vizuri, vaa gauni lako, yatosha.

Nakwambia haya kwa sababu yalitupata. Miaka ya themanini tulikuwa Tanga, kila msichana anataka kali kiti, ile dawa ya kukunja nywele, nywele zinameta mafuta mpaka foronya zote mle ndani zimekuwa za njano. Dada yangu alikuwa na dawa ya kunyoosha kichwani. Wiki mbili baadaye akaenda kwa jirani akapakwa kali kiti juu yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimmiminia maji. Nilimimina kopo la kwanza, la pili, nikaona maji kwenye beseni yamekuwa meusi. Nikadhani ni uchafu. Zilikuwa nywele. Hakulia pale, alikuja kulia usiku. Alifunga ushungi mpaka Idi ikapita, na sisi ni Wakristo.

Mkasi wa Sinza
Shangazi umesema neno kubwa. Dawa ya kunyoosha na dawa ya kali ni kemikali za familia mbili tofauti, hazikai kichwa kimoja. Unywele unakatika palepale zinapokutana. Mpaka leo nakutana na mafundi wasiojua hili.

Bint Maskati
Mie nipo Muscat, nywele zangu za mawimbi, nimezirithi kwa mama. Nilikata hivyo mwaka jana na sijuti, shoga. Asubuhi nazirashia maji, natia mafuta kidogo ya nazi kwenye ncha, nazifinya kwa fulana kuukuu ya pamba. Taulo zito linazitimua. Kitana sikigusi mpaka siku ya kuosha, natumia vidole. Siku za unyevu zinajaa mpaka mume wangu anauliza kama nimeongeza za bandia. Uso mrefu usikutie hofu, hizo za mbele zinakatisha paji na leya za pembeni zianzie kwenye mashavu, uso unapata upana.

Dereva wa Usiku
Mke wangu alikata mwaka juzi, laki nzima. Baada ya wiki mbili akasuka juu yake. Bado natafuta ile laki ilikwenda wapi. Dada, nunua kitenge.

Tausi wa Segerea
Asanteni wote. Bint Maskati umenipa moyo kweli.

Mkasi, zina dawa. Nilifanya ritachi, yaani kurudia dawa kwenye zilizoota, wiki tano zilizopita. Na nina rangi ya dhahabu, niliweka miezi mitatu nyuma, ncha tu si zote. Lakini nywele zangu ni nzima, haziko hoi kama mnavyofikiri. Fundi aliyeniwekea ni mzoefu. Ninachouliza ni leya, si dawa.

Na jamani mbona hamnijibu la utosini? Juu patajaa au hapatajaa?

Mama Kitana
Wiki tano ritachi, miezi mitatu rangi, na pasi juu yake. Mdogo wangu, hizo nywele zinasali.

Mkasi wa Sinza
Dada Tausi, nikuulize kwa heshima. Umetaja utosi kwenye uzi, na umerudi kuutaja tena. Mteja anayetaka kupendeza huwa anaulizia mbele na pembeni, sehemu anazoziona kwenye kioo. Anayeulizia utosi mara mbili ana kitu utosini. Kuna nini pale?

Tausi wa Segerea
Sikutaka kuliandika hili hapa.

Kuna sehemu imenyonyoka. Ni kama ukubwa wa sarafu ya mia mbili, labda imezidi kidogo. Ilianza mwaka jana baada ya kufumua rasta, nikajua ni kubana. Nimepaka mafuta ya mnyonyo, nimepaka kitunguu maji, haijarudi. Fundi wa saluni ya pili aliiona, akasema leya zitaifunika vizuri kabisa, na nimeshamlipa kianzio elfu arobaini kati ya tisini. Miadi ni Jumamosi hii. Kwa hiyo tafadhali msiniambie niache, nimeshaamua. Niambieni tu nimwelekeze akate vipi.

Mpiga Ramli wa Mtandao
Hii ni chai, na imekolea tangawizi.

Someni upya. Mwanzo nywele "za kawaida tu". Akibanwa zina dawa. Akibanwa tena zina rangi. Sasa zina kipara. Kichwa kinabadilika kila tukiuliza. Sendofu wiki tatu, ghafla ni Jumamosi. Mwezi uliopita kulikuwa na uzi wa aina hii hii humu, dada analia nywele zinakatika, ukurasa wa tatu akaibuka "rafiki yake" anauza mafuta kopo elfu thelathini. Subirini, muuzaji yuko njiani.

Dereva wa Usiku
Nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma. Chai kweli hii?

Mama Kitana
Jumamosi ni miadi ya saluni, sendofu iko palepale wiki tatu. Soma na wewe kabla ya kuhukumu.

Mzee wa Ubuyu
Nilisema picha tangu mwanzo. Picha ingemaliza ubishi.

Shangazi wa Mwenge
Picha ya kichwa cha mtoto wa watu mwenye maradhi muifanyie nini nyie? Mwacheni aseme.

Tausi wa Segerea
Sijataja jina la saluni hata moja, wala mafuta ya mtu yeyote, wala sitataja.

Kama ni chai basi nimeinywa mimi peke yangu mwaka mzima. Kwenye daladala huwa sikai, hata siti zikiwa tupu, kwa sababu ukikaa wale waliosimama wanakuangalia utosini. Nasimama Segerea mpaka Posta. Kanisani nakaa benchi la mwisho, nyuma yangu ukuta. Nikifika nyumbani nachukua kioo kidogo cha mkononi, nakigeuzia kile kikubwa, naangalia kama imeongezeka. Imeongezeka. Nikipitisha kidole pale ngozi ni laini, inateleza, kama sehemu ya ndani ya mkono, hakuna hata vile vipele vya nywele zinazotaka kuota. Jua likipiga panachonyota. Mama yangu hajui. Mdogo wangu hajui. Nyinyi ndio watu wa kwanza ukimtoa yule fundi.

Mkidhani nimetunga, fungeni uzi.

Nesi wa Zamu
Usifunge uzi. Mimi ni nesi na si daktari wa ngozi, na kichwa hakipimwi kwa maandishi, lakini ulichoandika hapo kimenifanya niache chakula.

Rasta za kubana kwa kawaida huanza kula pembeni, kwenye panja na kisogoni. Mapunye huja na magamba, na huwapata zaidi watoto. Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao huanzia hapohapo utosini, unatanuka taratibu kama duara, na unawapata sana wanawake weusi wa umri wa utu uzima. Kuwasha, kuchonyota, kisha ngozi kulainika na vitundu vya nywele kutoonekana. Ngozi ile inakuwa imeweka kovu. Tundu likishaziba, unywele hautoki tena hapo, upake mnyonyo au usipake. Ila dawa zipo za kuuzuia usiendelee kula pembeni, na ndiyo maana kila mwezi unaopita una thamani. Daktari anaweza kukata kinyama kidogo cha ngozi kwa sindano ya ganzi akakipima, ajue ni nini hasa.

Nenda kwa daktari wa ngozi, si duka la dawa. Dar kuna Muhimbili. Kwa walioko kaskazini wanaosoma hapa, KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi wa kanda nzima. Na tangu leo dawa, rangi na pasi ya moto visikaribie hapo.

Mpiga Ramli wa Mtandao
Habari ya daladala mtu hawezi kuitunga. Dada nisamehe. Mke wangu pia huwa anakataa siti, sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Mkasi wa Sinza
Sasa nakujibu swali lako la utosini, na unisikilize kama ndugu yako.

Shagi inafupisha palepale unapotaka kupaficha. Sasa hivi kinachokufunika ni nywele ndefu zilizolala juu ya ile sehemu. Akizikata fupi hazilali tena, zinasimama na kugawanyika, na kwa nywele zenye dawa pale katikati panafunguka kama njia ya kwenda kisimani. Ukumbini taa za juu zitamaliza kazi. Fundi aliyekwambia leya zitafunika ama hajui, ama anaitaka tisini.

Tausi wa Segerea
Nimesoma mara tatu. Kusema kweli yule fundi alinipa raha kwa sababu hakushtuka alipoona. Nadhani ndicho nilichomlipia.

Nimewapigia. Kianzio hawarudishi, ila wamekubali kukigeuza kuwa kuosha na kuseti na rola. Hospitali nitakwenda Jumatatu, nimeomba ruhusa kazini. Lakini sendofu bado iko palepale na shagi bado naitaka. Nimeiota tangu Krismasi.

Mama Kitana
Kuosha tu! Akishika mkasi uinuke na taulo lako utoke.

Mkasi wa Sinza
Basi tuikate kwenye wigi. Nunua ya nywele ndefu, iliyonyooka au ya mawimbi mepesi, isiwe nzito sana juu. Gundi hapana. Vile vitana vidogo vya ndani tunaving'oa, tunashonea mkanda wa lastiki, ndani unavaa kofia ya satini ili utosi usisuguliwe. Uivae ukumbini tu, ukifika nyumbani uivue. Leya za pembeni nitaanzia kwenye mashavu kama Bint Maskati alivyosema, na mbele zifike kwenye nyusi. Nitakukatia bila malipo, niandikie inboksi.

Bint Maskati
Na mbele asikukatie sawa kama rula. Zichongoke-chongoke, ndiyo uzuri wake.

Tausi wa Segerea
Asante kaka. Unaikata ikiwa kwenye kile kichwa cha plastiki au nikiwa nimeivaa?

Mkasi wa Sinza
Ukiwa umeivaa, kile cha plastiki hakina uso mrefu. Njoo na khanga ya kufunga shingoni, nywele za bandia zikiingia mgongoni zinawasha siku mbili.