Mwizi wa chama chetu ana mawakili mtaa mzima

Wenzangu, leo mtanisamehe, nimejaa mpaka hapa. Wanasiasa wanatuibia, hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Wanaonitia hasira ni sisi wa vibarazani, tunaokaa kuanzia alasiri mpaka isha na kahawa chungu mkononi, tukiwatetea watu ambao hata namba zetu za simu hawana.

Huku kwetu Kisauni, Mombasa, kuna mtaro. Bango la mradi limesimama, jina la mheshimiwa limeandikwa kubwa kuliko jina la kazi yenyewe. Mkandarasi alichimba kipande, akamwaga kokoto lori moja, akatoweka. Mvua ya masika ikipiga, maji ya choo yanaingia mpaka ukumbini, na wazee wanapita juu ya mbao wakienda kuswali. Nikauliza maskani, jamani, pesa za huu mtaro zimekwenda wapi? Mzee mmoja, namheshimu sana, akaniambia, "Mwanangu, wewe umetumwa na wale." Mwingine akadakia, "Hata kama amekula, si mtoto wa hapa? Wakila wabara mbona hamsemi?" Kesi ikaishia hapo, ikaletwa kahawa nyingine. Na hao hao ndio muhula uliopita, diwani alipokuwa wa chama kingine, walitaka kwenda kulala mlangoni pa ofisi ya wadi kwa sababu ya taa moja ya barabarani!

Eti akila mtu wetu tumekula sote. Wallahi nitajieni mmoja aliyekula. Mimi nimekula nini?

Ukipanda juu mambo ni hayo hayo, ila tarakimu ndizo ndefu. Chukueni Rigathi Gachagua. 2021, akiwa mbunge, alikamatwa akafikishwa kortini kwa kesi ya shilingi bilioni 7.3. Watu wa UDA, chama cha William Ruto, wakasema anaonewa kwa sababu yuko na Ruto. Upande wa pili wakasema mwizi huyo, mfungeni. Septemba 2022 akaapishwa naibu wa Rais Ruto, Novemba mwaka huo huo kesi ikaondolewa, na waliokuwa wakilia "anaonewa" wakasema mnaona, tuliwaambia. Sasa ikafika Oktoba 2024. Wabunge 282 wakapiga kura ya kumng'oa, wa UDA na wa ODM, chama cha Raila Odinga, bega kwa bega, na hoja mojawapo ilikuwa mali ya bilioni 5.2 aliyodaiwa kujilimbikizia. Waliokuwa wakimtetea ndio sasa wakawa wanamhesabia mahoteli, na waliotaka afungwe, baadhi yao leo wanamwona mkombozi. Seneti ikamwondoa kwa mashtaka matano kati ya 11, na hilo la mali halikuwa miongoni mwa yaliyosimama. Mimi si wakili wake na wala simpendi. Nauliza tu: ni lini hasa yeyote kati yetu aliketi akatazama ushahidi? Tulitazama amesimama na nani.

Na msidhani haya yameanza juzi. Kashfa ya Goldenberg ilikuwa ya serikali ya KANU, dhahabu hewa ikalipiwa fedha za kweli, na 2002 tukacheza barabarani kwamba NARC imekuja kusafisha. Miaka miwili tu ikatoka Anglo Leasing, kashfa ya zabuni hewa za serikali. Githongo, aliyewekwa na serikali hiyo hiyo kupambana na ufisadi, alijiuzulu 2005 akiwa Uingereza, na wapo waliomwita msaliti badala ya kusoma alichokiandika. Januari 2021 Uhuru Kenyatta mwenyewe, rais aliye kitini, akasema zaidi ya shilingi bilioni 2 zinaibwa kila siku. Wake wakasema ni mkweli, wasio wake wakasema anajishtaki. Zile bilioni mbili za kesho yake nani aliziulizia?

Sisi wa Mombasa tuna letu linalouma zaidi, la reli mpya ya SGR ya kwenda Nairobi. Mimi nilikuwa karani kwa wakala wa forodha, kwa hiyo hili sisimuliwi. Reli ilipozinduliwa Mei 2017, upinzani ulipiga kelele kuhusu bei yake na deni la China, na sisi wa ngome ya ODM tukazipiga nao. Machi 2018 wakubwa, Uhuru na Raila, wakapeana mikono. Kelele za huko juu zikapoa ghafla, wakati ndipo kontena zilipozidi kulazimishwa kupanda treni kwenda bara, malori yakilala, maghala yakifungwa, na sisi makarani tukiambiwa tukae nyumbani tutaitwa. Waliobaki barabarani kila Jumatatu walikuwa wanaharakati na watu wa malori. Ukiuliza kiongozi wa chama yuko wapi unaambiwa usiharibu maridhiano.

Mkataba wenyewe wa reli ulifichwa miaka. Mei 2022 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliamuru utolewe baada ya wanaharakati kushtaki, na Novemba waziri akatoa sehemu yake. Kibarazani kwetu, haki ya Mungu, sikumsikia aliyeuliza masharti ya mkopo yanasemaje. Walibishana ni nani amechafuka! Wa UDA wakasema Ruto ndiye aliyeufichua, kama kwamba hakuwa naibu wa rais mikataba ilipotiwa saini 2014. Wa Azimio, muungano wa Raila, waliokuwa wakiudai tangu siku ya kwanza, sasa wakasema hizo ni siasa za kumchafua Uhuru.

Agosti 2024 watu wa ODM wakaingia baraza la mawaziri la Ruto, Hassan Joho wetu, gavana wa zamani wa Mombasa, akiwemo. Basi jirani yangu, aliyepigwa gesi ya machozi Juni ile akikataa Mswada wa Fedha, sasa ukigusa bei ya unga anakwambia serikali ipewe muda. Unga ni ule ule wa duka la hapo kona.

Nawaelewa, msinione mgumu. Mtu wa Pwani amenyang'anywa ardhi na kila serikali, kwa hiyo akimwona mmoja wake yuko mezani anaona afadhali. Halafu mheshimiwa huyo ndiye analeta sanda ukifiwa, ndiye analipa bili maiti itoke hospitali. Ramadhani unaletewa mfuko una mchele, mafuta na tende, picha yake juu anacheka. Kumwita mwizi aliyekuzikia mama si kazi nyepesi. Lakini mshahara wake tunaujua, unatangazwa. Mbona hatupigi hesabu ya mifuko?

Na wao wametusoma vizuri kuliko tunavyojisoma. Ndiyo maana mwenye faili nene hahangaiki na wakili siku hizi, anahama chama. Anajua akishavaa shati letu sisi ndio tutakaomwosha, bure, bila hata nauli.

Wa kuja kunitukana karibuni, lakini kwa sharti moja: anza kwa kumtaja mtu wa chama CHAKO unayemtaka ajibu kuhusu pesa. Ukishindwa, pita salama.

Kuhusu mtaro, nimeandika barua kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ninaomba mkataba, bei na malipo yaliyokwisha kutolewa, na kisheria wana siku 21 za kunijibu. Ninataka sahihi za wakazi kabla sijaipeleka Jumatatu. Nitakuwa nje ya msikiti baada ya isha leo na kesho, njooni na vitambulisho.