Mjadala: Wahifadhi Wakikutana Mombasa, Nani Avae Vipokea Sauti?

Mwanzishi wa mjadala, mkalimani, Tudor

Nimefanya ukalimani kwa miaka kadhaa katika mikutano ya kikanda ya wataalamu wa maliasili na wanyamapori inayofanyika hapa Mombasa, na jambo moja limenikaa moyoni tangu siku ya kwanza. Mada husomwa kwa Kiingereza, na wageni wa Madagaska na Msumbiji huwekewa tafsiri ya Kifaransa na Kireno. Kisha mzee wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao, aliyeitwa kutoka Mtwapa au Likoni aje aseme habari za bahari yake mwenyewe, hupewa vipokea sauti avae masikioni ili aelewe yanayosemwa juu yake. Swali ninalolileta ni hili: je, vikao vinavyogusa riziki ya wavuvi na wakulima wa pwani viendeshwe kwa Kiswahili, na tafsiri iwe kwa ajili ya wageni? Mimi nashikilia kwamba inafaa iwe hivyo.

Sisemi haya kwa ushabiki wa lugha. Hotuba za aina hiyo tunazisikia za kutosha kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Hoja yangu ni ya kazi. Hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, ina sehemu mbili: moja ya takriban kilomita 10 za mraba, ambamo hairuhusiwi kuvua kabisa, na nyingine ya takriban kilomita 200 za mraba, ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Kwa Kiingereza kila sehemu ina jina lake. Kwa Kiswahili wengi wetu huziita zote mbili hifadhi, na mtu anayeambiwa kwamba yumo ndani ya hifadhi hawezi kujua, kwa neno hilo peke yake, kama atatupa mshipi au atakamatwa. Linganisheni na Kuruwitu, kule Kilifi, ambako wavuvi wenyewe mwaka 2005 walifunga eneo la hekta zipatazo 30. Maeneo ya namna hiyo huku pwani huitwa tengefu, na hata mtoto anajua kwamba kilichotengwa hakiguswi.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili, katika kifungu cha 7, kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu cha 69 inaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kulinda mazingira. Sioni mtu atakavyoshiriki katika kikao ambacho anakipata nusu dakika baada ya wenzake. Na mtaalamu anayeshindwa kuieleza kwa Kiswahili biashara ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kutunza miti inayofyonza hewa hiyo, inayofanywa na wanakijiji wa Gazi kwa mikoko yao tangu mwaka 2013, mimi huwa nashuku kama ameielewa hata kwa Kiingereza.

Mchangiaji wa kwanza, mtafiti wa samaki, Nyali

Ndugu mkalimani, nakubali kwamba picha ya mzee aliyevaa vipokea sauti inaudhi, lakini dawa unayoipendekeza haitatibu. Mkutano wa kikanda si wa Mombasa peke yake. Wamo watu wa Shelisheli, Morisi na Afrika Kusini, na kwao Kiswahili ni kigeni kama Kireno kilivyo kigeni kwangu. Hata hapa kwetu, Kiswahili cha kikao ni kipi? Mvuvi wa Vanga anazungumza Kivumba, wa Kiunga anazungumza Kitikuu, na mkulima wa Kwale ambaye ndovu wa Shimba Hills wamekula mahindi yake atakueleza msiba wake kwa Kidigo.

Halafu kuna suala la usahihi. Soko zima linaita changu samaki wa spishi nyingi, ambazo hazikui kwa kasi moja wala hazizai kwa umri mmoja, na ukiweka kanuni ya ukubwa wa tundu la wavu kwa ajili ya changu bila kusema ni yupi, umeweka kanuni mbovu. Hilo neno tengefu unalolisifu lina kasoro iyo hiyo, kwani Tanzania pori tengefu ni jina la kisheria la eneo ambalo uwindaji wa kibali unaweza kufanyika. Mjumbe wa Arusha na mjumbe wa Kilifi watatikisa vichwa kwa pamoja, kila mmoja akifikiria jambo lake.

Mwanzishi wa mjadala

Dada yangu mtafiti, hoja ya lahaja imenishika, na sina jibu kamili. Nakubali pia kwamba wageni wa visiwani wana haki ya kuelewa. Ndiyo maana sikusema wakalimani waondolewe, nimesema wageuziwe kazi. Lakini huo mkanganyiko wa tengefu ungejulikana lini, kama si siku ambayo wajumbe hao wawili watalazimika kuzungumza kwa Kiswahili mbele ya wenzao? Kwa Kiingereza haujitokezi kamwe, nao unabaki kuwatesa watu wa mpakani. Kuhusu changu, muulize mvuvi mkongwe yeyote, si mchuuzi wa sokoni, naye atakutajia changu doa, ambaye doa lake jeusi la ubavuni ndilo lililompa jina. Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwezi Februari mwaka 2022, na sidhani samaki ni jambo gumu kuliko mikataba ya amani.

Mchangiaji wa pili, katibu wa BMU, kaskazini mwa Mombasa

Ndugu zangu, nimewasoma nyote wawili kwa heshima. Mimi vipokea sauti nimevivaa, na havikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mkutano wa mwisho nilioalikwa uliangukia siku za bamvua, wakati maji yanapotoka mbali na mwamba unabaki wazi, na wachokoaji pweza wote wa kijiji chetu, wengi wao wakina mama, walikuwa baharini tangu alfajiri. Nilikwenda peke yangu, nikaulizwa hali ya pweza, nami mwenyewe sichokoi pweza. Waandalizi wakiupanga mkutano ujao siku za maji mafu, ambapo maji hayatoki mbali, akina mama hao watakuja, na suala la lugha tutawauliza wao.