Dawa ikigoma kufanya kazi, eti mgonjwa ndiye anadeka!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kila kongamano la afya siku hizi ni "tiba inayomlenga mtu binafsi". Slaidi zimejaa jeni. Ukiingia chumba cha daktari, unakuta dozi moja kwa kila mwenye pumzi.

Mzee wangu alifanyiwa upasuaji, akaandikiwa kodeini, dawa ya maumivu. Anameza kwa saa, maumivu palepale, usiku anang'ata shuka. Kurudi kulalamika, daktari hata macho hakuyatoa kwenye kompyuta: "Wenzake wote wanatumia hiyo hiyo na wametulia."

Wenzake! Kodeini yenyewe haina nguvu ya maana mpaka ini ligeuze sehemu yake kuwa mofini, ambayo ndiyo inayotuliza maumivu, na kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya (protini ya mwilini inayoendesha mageuzi kama hayo) kiitwacho CYP2D6. Kuna watu, kwa sababu ya jeni zao, wamezaliwa nacho hakifanyi kazi kabisa. Hao wape kodeini asubuhi, mchana na jioni, watameza tu. Wengine wanaigeuza kwa kasi mno, na dozi ya kawaida inaweza kuwakata pumzi. Watoto wamekufa hivyo baada ya kutolewa mafindofindo, hadi mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaweka onyo lake kali kuliko yote. Mwaka 2017 ikasema walio chini ya miaka 12 wasipewe kabisa, iwe kwa maumivu au kikohozi. Kwa hiyo hii si habari ya jana.

Na asije mtu hapa na hadithi ya "vipimo vya jeni ni ghali". Nani kaomba jeni? Mzee angeulizwa tu kama aliwahi kuitumia dawa hiyo, angesema alipewa alipong'olewa jino na hakuona tofauti. Angeulizwa na dawa nyingine anazomeza, maana zipo, kama fluoksetini ya sonona, zinazokibana kimeng'enya hichohicho. Hakuulizwa lolote. Uzito wenyewe walikisia kwa macho (wamepatia, lakini bado!).

Tena wakiamua wanaweza. Abakaviri, dawa ya VVU, mwongozo unataka mgonjwa apimwe kwanza jeni ya HLA-B*57:01, kwa sababu wenye nayo wako kwenye hatari kubwa ya mzio unaoweza kuua. Hapo hakuna anayesema "wenzako wametulia".

Daktari wa zamu ya usiku ndiye aliyetuokoa. Alikaa, akauliza, akambadilishia akampa mofini yenyewe kwa dozi ndogo. Mzee akalala.

Ila sasa kwenye faili kumeandikwa "analalamika kupita kiasi", na kila daktari mpya akifungua anaanza kumtazama mzee kwa jicho hilo. Wahudumu wa afya mliomo humu, taratibu ya kudai maneno hayo yarekebishwe ikoje? Naandika barua kwa nani? Na kama jibu lako ni "vumilia tu", pita kimya.