Miaka mitano nimeandika kwa akaunti ya mtu mwingine: nianzie wapi kujenga jina langu?

MwandishiKandara (Murang'a)

Ndugu waandishi, hamjambo. Nimekuwa mwandishi wa mtandaoni tangu 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, na sijawahi kupata riziki kwa kazi nyingine. Muda huo wote nimeandika kwa akaunti ya kukodi: mwenye akaunti hupokea oda kutoka nje, hunitumia maelekezo, nami huandika na kulipwa shilingi 350 kwa kila ukurasa wa maneno 275. Nyingi ya kazi hizo zilikuwa insha za wanafunzi wa vyuo vya Uingereza na Australia. Naona aibu kulisema, lakini nalisema kwa sababu ndicho kiini cha shida yangu. Daftari langu linaonyesha kurasa zaidi ya elfu tatu, na hakuna hata mstari mmoja katika hizo ninaoweza kumwonyesha mtu nikamwambia kwamba ni wangu.

Tangu 2023 oda zimekuwa zikipungua. Zamani wiki njema ilikuwa na kurasa 20. Siku hizi nikipata tano nashukuru. Mwezi wa pili mwenye akaunti alibadilisha nywila akiwa na deni langu la kurasa 38, yaani shilingi 13,300, na tangu siku hiyo hapokei simu. Hatukuwa na mkataba wowote.

Naomba mnieleze bila kunificha. Je, mtu wa aina yangu anaweza kuanza upya kwa jina lake wakati huu ambapo programu kama ChatGPT inatoa insha nzima kwa dakika moja? Sampuli za kazi nitazitoa wapi? Na nitajuaje bei ya kutaja? Naweza kuvumilia miezi mitatu hivi bila kipato, kwa kuwa naishi kwa mama na ana miti ya parachichi inayotusaidia.

KalamuYaZiwani (Kisumu)

Pole sana, dada. Nianze na deni, maana si haki liachwe lipotee. Hifadhi ujumbe wote wa M-Pesa wa malipo ya nyuma, pamoja na mazungumzo ya WhatsApp yanayoonyesha oda na idadi ya kurasa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Kabla ya kwenda huko mwandikie huyo mtu barua ya kudai, utaje kiasi na tarehe, umpe siku 14.

Kuhusu insha za wanafunzi, nakusihi usizirudie hata ukipata akaunti nyingine kesho. Australia ilipitisha sheria ya kuharamisha biashara hiyo 2020, na Uingereza ikafanya hivyo 2022 kwa vyuo vya England. Novemba mwaka huo huo ChatGPT ikatoka, na mwanafunzi aliyekuwa akitafuta mtu wa kumwandikia akapata njia isiyomgharimu kitu. Oda zako hazikupungua kwa sababu uandishi wako umeshuka, kwa hiyo usijilaumu. Lakini pia ujue kwamba hazitarudi, na zikirudi zitakuwa kazi ya kumsaidia mtu kupata shahada asiyoistahili.

Sasa nije kwenye jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni la pembeni. Umesema mama ana miti ya parachichi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote ulizoandika. Miaka mitano imekufundisha kusoma utafiti haraka, kunukuu vyanzo kwa usahihi na kukabidhi kazi kwa wakati. Unachokosa ni eneo ambalo mteja akilifikiria anakukumbuka wewe. Tangu 2022 parachichi bichi la Kenya linaingia hata Uchina. Wapo wauzaji wa nje, vyama vya ushirika, kampuni za pembejeo na mashirika ya kilimo wanaohitaji mtu wa kuwaandikia miongozo ya wakulima, taarifa na makala za tovuti. Wengi wao hupata maandishi yaliyotengenezwa na mtu, au mashine, ambayo haijawahi kushika tunda shambani. Andika makala tatu kwa jina lako kuhusu unayoyaona hapo Kandara, kila moja ikijibu swali ambalo mnunuzi au mkulima huuliza kweli. Usisubiri mtu akutume. Hizo ndizo sampuli zako.

Bei huhitaji kuikisia, unaihesabu. Chukua makala ya maneno 1,200 kwa dola 30. Ukitumia saa mbili kutafiti, tatu kuandika na moja kurekebisha, ni saa sita. Jukwaa la kazi za mtandaoni likikata asilimia 10 unabaki na dola 27, ambazo kwa dola moja kuwa karibu shilingi 129 ni shilingi 3,483, yaani kama 580 kwa saa. Maneno hayo hayo, kwa 350 kwa ukurasa, yangekupa karibu shilingi 1,530. Ondoa bando na umeme, kisha ongeza muda wa kutafuta wateja, ambao hakuna anayekulipa. Kiasi kinachobaki kikiwa chini ya mahitaji yako, bei ni ndogo, hata kama mteja anaiita nzuri.

Halafu kila kazi iwe na makubaliano ya maandishi, hata kama ni barua pepe ya mistari sita: urefu wa makala, tarehe, idadi ya marekebisho (mimi hutoa mawili), arbuni ya nusu kabla ya kuanza, na ruhusa ya kuonyesha kazi kama sampuli. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, kazi iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Usipouliza mapema, miaka mitano ijayo utajikuta tena na daftari lililojaa na mikono mitupu.

MfasiriTanga (Tanga)

Dada wa Kandara, mimi ni mfasiri na mhariri, na ninafanya kazi kwa Kiswahili na Kiingereza. Ninakubaliana na kaka wa Kisumu, ila ningependa kuongeza juu ya hii tunayoiita huku akili mnemba, maana imegusa kazi yangu kabla ya kugusa yenu.

Siku hizi wateja wengi hawanipi maandishi ya kufasiri. Hunipa tafsiri iliyokwisha kutolewa na mashine na kuniomba "niipitie tu" kwa theluthi ya bei ya zamani. Mwaka jana nilipewa kipeperushi cha wagonjwa ambacho mashine ilikuwa imeandika: "Chukua kidonge kimoja kwenye tumbo tupu." Kila neno hapo ni la Kiswahili na hakuna kosa la tahajia, lakini bibi yangu angesoma akakaa na kidonge mkononi akijiuliza akichukue akipeleke wapi. Nikaandika: "Meza kidonge kimoja kabla ya kula." Kurekebisha kipeperushi kile kulinichukua muda mrefu kuliko ambavyo ningekifasiri mwenyewe tangu mwanzo, kwa kuwa kila sentensi ilibidi niirudishe kwenye asili yake ndipo nijue ilikusudia nini. Tangu hapo kazi ya kusahihisha mashine naitoza kwa saa, si kwa neno, na mteja asiyekubali namwachia kazi yake. Nimepoteza wawili, na waliobaki wananilipa vizuri zaidi.

Ninachotaka kukwambia ni kwamba usijiuze kama mtu wa kuandika haraka, kwa maana hapo mashine itakushinda kila siku. Jiuze kama mtu anayewajibika kwa kilichoandikwa. Na usidharau Kiswahili chako: miongozo ya wakulima inayosomwa na wakulima wenyewe huhitaji mtu anayejua tofauti ya tunda changa na tunda bichi, na bado ni wachache wanaoijua kazi hiyo.

Kingine, ukiombwa uandike "jaribio" la maneno 1,000 bila malipo, kataa kwa heshima na umpelekee mtu huyo sampuli zako. Nimeshawahi kuliona jaribio langu limechapishwa.

HesabuNakuru (Nakuru)

Naheshimu waliotangulia, lakini nina wasiwasi na hiyo miezi mitatu. Mimi ilinichukua miezi saba tangu niliposema nataka wateja wa moja kwa moja hadi nilipopata wa pili, na katikati hapo niliishi kwa kuandika maelezo ya bidhaa kwa wauza viatu wa mjini. Sioni aibu yoyote katika hilo. Kwa hiyo tafuta kitu kidogo cha hapo karibu kinacholipa kila wiki, hata kama ni kuandikia chama cha ushirika kumbukumbu za mikutano, ili usije ukashikwa na njaa ukarudi kwa mwenye akaunti mwingine.

Kama utaanzia Upwork, jukwaa la kutafutia wateja mtandaoni, jisajili kwa kitambulisho chako. Akaunti ya kukodi ni kinyume cha masharti yao na inaweza kufungwa siku yoyote pamoja na pesa zilizomo. Kwa kazi inayolipwa bei moja kwa jumla, si kwa saa, hakikisha mteja ameshaweka pesa kwenye amana ya jukwaa kabla hujaandika neno la kwanza. Ukishawasilisha ana siku 14 za kuipitia, na akinyamaza pesa hutoka zenyewe. Kuomba kazi kunagharimu, kwa hiyo usitume maombi 40 yanayofanana. Tuma manne, na kila moja lianze na jambo ulilolisoma kwenye tangazo lenyewe. Kabla hujalipia mafunzo ya mtu yeyote, pitia ya Ajira Digital, mpango wa serikali ulioanza 2016, ambayo ni ya bure.

Kuhusu dola: mwishoni mwa Januari 2024 ilikuwa inabadilishwa kwa karibu shilingi 160, na kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Nilikuwa nimekodi nyumba kwa hesabu ya 160. Wewe panga kodi na ada za wadogo zako kwa kiwango cha chini unachoweza kufikiria, na kinachozidi kiweke kando. Na ripoti ya kodi ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, siku ya mwisho ni tarehe 30 Juni. Mteja wa nje hatakukata chochote, kwa hiyo jukumu ni lako mwenyewe.

MwandishiKandara (Murang'a)

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kukaa wiki tatu bila kujibu. Nilitaka kurudi nikiwa na kitu.

Barua ya kudai nimeituma. Sijajibiwa, na siku 14 zinaisha Ijumaa.

Makala ya kwanza nimeimaliza. Nimeandika jinsi ya kujua kama parachichi la Hass limekomaa, kwa sababu hapa kwetu kila msimu madalali huvuna machanga na lawama humwangukia mkulima. Nilikwenda kwa jirani aliye na mzani mdogo na maikrowevu. Tulikata tunda, tukatoa kokwa na ganda, tukakuna nyama yake, tukapima gramu 10 kwenye kisahani. Tukaikausha kidogo kidogo, tukipima kila mara, hadi uzito ulipokataa kushuka. Kiwango cha chini cha kuuza nje ni asilimia 24 ya kitu kikavu, yaani zilipaswa kubaki angalau gramu 2.4. Zilibaki 2.1. Tunda lile kwa macho lilikuwa limekomaa kabisa, na mama alikuwa ameshakubaliana na dalali avune Jumatatu. Alimpigia simu akamwambia asubiri.

Makala ina maneno 1,140, na jina langu liko juu. Jana nimeipeleka kwa chama cha ushirika na kwa wauzaji wawili wa nje. Meneja wa chama ameuliza kama naweza kuigeuza iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kubandika kwenye kituo cha kukusanyia matunda, na amesema atanilipa kiasi nitakachotaja. Nimehesabu saa zangu kama mlivyonifundisha, nikapata shilingi 2,900. Dada wa Tanga, kwa ukurasa mmoja utakaosomwa na wakulima mia kadhaa, je, niombe hiyo, au iwe zaidi?

MfasiriTanga (Tanga)

Omba 4,000, na umwambie ndani yake mna kuusoma mbele ya wakulima watano na kurekebisha watakapokwama. Arbuni nusu. Na jina lako libaki chini ya ukurasa.